Dirisha la Ukili

Nimefundisha darasani karibu maisha yangu yote, na mpaka leo sijui kusema polepole. Majirani zangu hapa Kibiti wanasema nikiwa kibarazani kwangu nafundisha, aliyeko sokoni anapata somo bure. Sawa. Waliopata somo bure ni wengi, na hajatokea hata mmoja wa kulalamika kwamba hakusikia.

Nilipostaafu nikaapa sitaki tena darasa la watoto waliobanana kama magunia. Nitafundisha mtoto mmoja kwa wakati, uso kwa uso, aje na kichwa chake chote na mie nije na changu. Watu wakacheka. Huku kwetu tuisheni ni watoto wa darasa la saba kujazana kwenye banda la mtu, mwalimu anaandika maswali, wao wananakili, wanaondoka. Mtoto mmoja na mwalimu mmoja? "Kwani anaumwa?" waliniuliza. "Ndiyo," nikawajibu, "anaumwa akili nyingi." Wakadhani natania, na nusu yake ilikuwa utani kweli.

Mtoto mwenyewe ni msichana, mjukuu wa jirani yangu. Bibi yake ni msukaji wa mikeka, tena anayejulikana. Mama wa mtoto aliachika akaolewa kwingine, baba yuko huko deltani anafanya biashara ya kamba wa baharini, na mtoto akabaki kwa bibi, mama wa huyo baba. Siku ya kwanza walipokuja kwangu hawakuja kwa habari ya masomo. Bibi alileta mkeka niliomwagiza, akakaa, akaanza kunieleza habari za jino lake linalomsumbua. Tuko katikati ya jino, mtoto akasema:

"Shikamoo mwalimu. Hivi namba ya mwisho ni ipi?"

Nikamwambia marahaba, na namba ya mwisho haipo. Akafikiri kidogo. "Nilijua," akasema. "Maana ingekuwepo, ningeiongeza moja."

Bibi yake akamkanya kwa kukatiza mazungumzo ya wakubwa. Mie jino nilikuwa nimeshalisahau. Nilifundisha hesabu miaka na miaka, na watoto walioniuliza swali lile wakalijibu wenyewe kabla sijapumua, sikumbuki kama walikuwepo.

Nikaanza kumchunguza. Akiuona mkeka kwenye nyumba ya watu mara moja tu, akirudi kwao anaanzisha ukili wenye nakshi ile ile, na rangi anazipanga vizuri kuliko alivyoziona. Kwa wasiojua, ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwanza kwa chane, vile vipande vyembamba vya majani ya ukindu, halafu tepe zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unakamilika. Yeye alikuwa anautazama ukili ambao haujafika nusu na kumwambia bibi yake rangi nyekundu itakwisha kabla ya kona. Na chuoni anakosoma Kurani, ustadhi alimsifu kila mahali: sauti nzuri, makhraji safi, kila herufi inatoka mahali pake, sura anazisoma bila kukwama, juzuu iko mapajani.

Sasa niambie, mtoto kama huyo anafelije upimaji wa darasa la nne? Alifeli. Akarudishwa darasa. Shuleni wakasema ni jeuri, uwezo anao ila anajifanya. Wengine wakasema ana kitu kimemkalia. Na baba yake akanitumia ujumbe, kwa sababu bibi simu yake ni ya tochi na mambo yote ya WhatsApp yanapitia kwangu.

Ngoja niseme kuhusu ujumbe wa huyu baba. Haandiki. Hata siku moja hakuwahi kuandika. Kila kitu ni sauti. Ameondoka hapa, amefika kwake, badala ya kuandika neno moja, "nimefika," mtu ananitumia sauti ndefu, injini ya boti inanguruma, watu wanapiga kelele, kuku wanalia, na mwisho kabisa, baada ya salamu za wote hadi majirani, ndipo anasema kafika salama. Nikawa nachukia. Mtu mzima, vidole anavyo, neno moja tu linamshinda! Nilimwambia hivyo hivyo, mie sina siri. Akacheka, akasema, "Mwalimu, sauti ina baraka."

Safari hii sauti ilikuwa fupi. "Mwalimu, mtoto akifeli tena mwaka huu namchukua. Aje huku aanike kamba na mama yake mdogo. Shule si ya kila mtu." Bibi alisikiliza simu yangu ameishika kwa mikono miwili. Alinirudishia, akaenda zake kuchambua mchele, na nilimwona mabegani kwamba analia.

Hapo ndipo nikamchukua mtoto. Nilitaka avuke ule mtihani, basi. Kamba wanaanikwa na wengi, lakini huyu wa kuiongeza moja namba ya mwisho nilikuwa naye mmoja tu.

Tukaanza kibarazani, baada ya alasiri. Nikampa kitabu cha hadithi cha darasa lake, nikamsomea kwanza, kisha nikamwambia asome yeye. Akasoma, ashukuriwe Mungu! Vituo anaviheshimu, maswali anayauliza kwa sauti ya kuuliza. Nikajisemea, hawa walimu wa siku hizi vipofu nini? Tukaenda hivyo siku kadhaa, mie kichwa kimevimba kwa sifa. Halafu siku moja upepo ukavuma, ukafunua kurasa za kitabu kikiwa mkononi mwake. Ukurasa wa sungura ukaenda zake, ukaja ukurasa wenye picha ya mashine ya kusaga. Yeye akaendelea na sungura. Akamfikisha sungura nyumbani kwake, akamaliza, akanitazama.

Nilinyamaza. Waulize majirani, watakuambia kunyamaza si kawaida yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapo umesoma wapi?"

Akautazama ukurasa. Machozi yakaanza kumlenga, lakini mgumu, hayakudondoka. "Nimesoma ulivyosoma wewe," akasema.

Kumbe ndivyo alivyoishi. Darasani mwalimu anasoma, yeye anasikia mara moja, anashika. Wenzake wanaitikia kwa pamoja, naye anaitikia, sauti yake ndiyo ya kwanza. Chuoni hali ni hiyo hiyo: ustadhi anatamka, watoto wanafuatisha, juzuu iko mapajani, macho yako juu ya maandishi, na anayesoma ni sikio. Nani angejua? Sisi watu wa huku tumelelewa kwa masikio. Kasida tunazipata kwa kusikia, bei ya korosho tunaipata kwa kusikia, ukoo wa mtu tunausikia tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Mtoto mwenye sikio kama lile, kila mtu atasema anajua kusoma. Ni chumba cha mtihani tu ndicho hakina wa kumsomea. Akiwekewa karatasi, kukiwa kimya, hapo peke yake ndipo anapobaki hana kitu.

Nikamuuliza akizitazama herufi anaona nini. Akasema, "Moja moja nazijua. Zikiwa nyingi zinabanana, kama ukili uliokazwa na mtu mwenye hasira. Sioni wapi moja inaishia."

Nilikuwa nimewahi kukutana na watoto wa namna hiyo, sasa nawakumbuka vizuri. Tuliwaita wazito. Huyu alikuwa mwepesi kupita wote, na ugumu ule ule anao. Vitu viwili hivyo vinakaa katika mtoto mmoja bila kugombana, na mtu asipojua, atakiona kimoja tu na kukiita jina baya. Niliumia sana jioni ile, na sikuona haya kuumia.

Kesho yake nikabadili mtindo. Nikaacha kabisa kumsomea, maana kila nilichosoma alikimeza. Hata maneno ya kawaida nikayaacha, kwa kuwa akiona herufi ya kwanza anabahatisha linalofuata, na mwenye akili anabahatisha vizuri. Nikaanza kumwandikia maneno ambayo hayapo duniani. Bomudi. Letiku. Safowe.

Akatazama, akakunja uso. "Mwalimu, hili neno halipo."

"Ndiyo maana nimelileta."

"Maana yake nini?"

"Sijui. Lisome kwanza, maana tutaitafuta."

Alichukia, jamani! Alizoea kujua, na sasa nimempeleka mahali ambapo kila hatua lazima aiguse kwa mguu. Silabi moja, halafu nyingine. Alikuwa akichoka haraka, anaanza kusugua macho, na mie naanza kupandisha sauti, kisha wote wawili tunakasirika na bibi anatuletea chai. Tukayapa yale maneno maana. Letiku ni mtu anayeonja mboga ya jirani. Mpaka leo tunamjua letiku mmoja hapa mtaani, na jina halimtoki.

Ikaja likizo ya Juni, na mpunga ukawa unaiva. Bibi ana shamba bondeni, upande wa Chumbi, na mpunga ukiiva mtu habaki nyumbani. Watu wanahamia bondeni na vyungu vyao, wanapanda dunguni, wanaamia ndege wasile mpunga mpaka siku ya kuvuna. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji yakipita yapite chini, nguruwe akija umwone kutoka juu. Bibi hakuniomba ruhusa ya kumchukua mjukuu wake, na hakuwa na sababu ya kuniomba. Ndege hawasubiri mtu amalize somo.

Basi nikawafuata. Ndiyo, mie na goti langu hili. Nilifika chini ya dungu na kapu la vitabu kichwani, nikaitazama ile ngazi, vijiti vitatu na kamba, nikasema la ilaha. Bibi akachungulia kutoka juu, akacheka mpaka kanga ikamwanguka. "Mwalimu, ukianguka hapo wanao nitawaambia nini?"

"Waambie nilikufa kazini," nikasema, nikapanda.

Nilidhani kule tutafundishana kwa shida. Ikawa kinyume. Mtoto anasoma mstari, kundi la ndege linatua, anaruka na kombeo, anatupa donge la udongo, anapiga ukelele wa kuamsha bonde zima, anarudi, anasoma mstari mwingine. Kule kibarazani nilikuwa nikimkalisha mpaka herufi zinabanana. Huku ndege walikuwa wakimpumzisha kabla hajachoka. Mie mwalimu wa miaka yote hiyo, sikuwahi kupanga kipindi kikakaa vizuri hivyo.

Na ni kule dunguni alipojitengenezea dirisha lake. Bibi alikuwa anasuka, kama kawaida yake, mikono haijui likizo. Mtoto akachukua vipande viwili vifupi vya ukili, akaviweka ubavu kwa ubavu kama anayetaka kuvishona mkeka. Lakini akashona ncha huku na ncha kule tu, katikati akaacha wazi. Nikawaza kakosea. Akakilaza kile kitu juu ya kitabu, na katika ule uwazi ukabaki mstari mmoja peke yake. Kisha akaweka kidole, neno likabaki moja.

"Haya mengine nimeyafungia nje," akasema.

Akasoma. Polepole, kwa silabi, jasho linamtoka puani, akausoma ukurasa ambao sikuwahi kumsomea. Ndege wakatua na hakuwaona. Bibi akainuka mwenyewe akaenda kuwafukuza, akirudi anasema, kwa Kindengereko, maneno ambayo sikuyapata yote, ila niliisikia furaha iliyokuwa ndani yake. Mie nikalia waziwazi. Nalia vile ninavyosema, kwa sauti.

Tulipomaliza kuvuna tukarudi Kibiti, na mtihani ukawa unakaribia. Siku moja asubuhi nasikia hodi kwa bibi, naenda, namkuta baba mtu. Amekaa mkekani, kafuko ka kamba wakavu pembeni, zawadi yetu. Mtoto amesimama mlangoni. Begi lake dogo limeshafungwa.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Nimekuja kumchukua."

"Marahaba. Umekuja kumfanya nini?"

"Kumchukua."

Hapo nikawaka. Tulikubaliana akifeli, na mtihani bado! Nikamwambia baba mtu, mtoto huyu amepanda ngazi ambayo wewe hujui hata ilipo, leo amebakiza kipandio kimoja ndiyo unakuja kumvuta miguu? Nikamwambia na mengine, na mtaa mzima ulisikia. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa. Ni mwanawe yule, na huyu ni mjukuu wake, angesema nini?

Yeye hakunijibu kwa hasira. Alitazama mkeka. "Mwalimu, mie nawajua shuleni," akasema. "Watamwinua mbele za watu, watamwambia soma. Atasimama pale. Watacheka. Bora nimtoe sasa, hajawachukia watu bado."

"Anasoma," nikasema.

"Anasoma kwa kichwa. Hata mimi nilikuwa nasoma kwa kichwa."

Alilisema kwa haraka, na mie kwa hasira zangu likanipita. "Mpe kitu chochote!" nikamwambia. "Kitu ambacho hakuna aliyemsomea. Chochote unacho!"

Akajipapasa. Halafu akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akamnyooshea binti yake. Ulikuwa ujumbe wa maandishi kutoka kwa mnunuzi wake wa Ikwiriri. Mtoto akapiga magoti mkekani, akaweka kile kidirisha chake cha ukili juu ya kioo cha simu, akaanza.

"U-si-le-te. Usilete. Ka-mba. Usilete kamba wi-ki hii." Akasogeza ukili. "Ga-ri ime... limeha-ri-bi-ka. Lete i-ja-yo." Akarudia yote kwa pamoja, safi. "Usilete kamba wiki hii. Gari limeharibika. Lete ijayo."

Nikamgeukia baba nipate ushindi wangu. Tayari nilikuwa na la kusema.

"Imesema wiki ijayo?" akamuuliza binti yake. "Una hakika? Maana mzigo nimeshauacha bandarini unasubiri gari."

Hakuwa anampima. Alikuwa anauliza. Ujumbe umekaa kwenye simu yake tangu juzi, na zote zile sauti, injini, kuku, salamu za majirani, zikanirudia kichwani kwa pamoja. Mtu mzima, vidole anavyo. Niliona aibu mpaka masikioni.

Mtoto alikuwa ameelewa kabla yangu, naona. Hakumtazama baba yake usoni. Alichukua ukili wake, akauweka juu ya simu tena, akaisogeza simu ikawa mbele ya baba. "Unafunga haya mengine nje," akamwambia polepole. "Unabakiza moja." Yule bwana akaangalia kwa muda mrefu. Akagusa uwazi ule kwa kidole chake, kidole kinene kilichochanwachanwa na chumvi. Hakusoma. Lakini hakuondoa kidole.

"Mtihani lini?" akaniuliza mwishowe.

"Mwezi wa kumi."

"Basi," akasema, na akamwambia mtoto afungue begi.

Aliondoka na kile kidirisha mfukoni mwa shati. Mtoto alimpa mwenyewe, akasema atashona kingine. Kingine alikishona, lakini mlangoni mwa chumba cha mtihani msimamizi alikikataa, hamtambui mtu wala ukili. Akatumia viganja vyake viwili, akavibananisha akaacha mwanya. Muda ulimwishia hajamaliza. Alivuka hivyo hivyo, si kwa kung'ara, alivuka tu, na sasa yuko darasa la tano na ananisumbua kwa habari za namba zilizo chini ya sifuri.

Baba yake anakuja akipata nafasi. Akikaa, hukaa mkekani na binti yake, na mie hujitafutia kazi jikoni. Sauti zake ziliendelea kama kawaida, na mie nilikuwa nazisikiliza mpaka mwisho, kuku na wote.

Wiki iliyopita alikuja, akashinda, akarudi deltani. Jioni simu yangu ikalia. Nikaiweka sikioni nisikilize. Hakuna sauti. Nikavaa miwani, nikaona neno moja limeandikwa: nimefika.

Nikalisoma, nikalisoma tena, kisha nikavuka uani kwa jirani nikiwa na simu mkononi. Walikuwa wanasuka, bibi na mjukuu. Nikamwonyesha bibi, nikamwambia mwanao kaandika. Bibi akautazama ule mwanga wa simu, hakuamini. "Nani kamwandikia?" akauliza.

Mtoto hakuinua kichwa, vidole vyake vinaendelea na chane. "Kaandika mwenyewe, bibi," akasema. "Angekuwa mtu mwingine, angeandika maneno mengi."